Akidi ya Mtu Mmoja

Nchi yetu ina bodi mia moja na saba. Jina la nchi yenyewe silitaji, kwa sababu Bodi ya Majina haijakaa tangu mwaka juzi. Tuna Bodi ya Chumvi, Bodi ya Vivuko, Bodi ya Madaraja Yanayosubiri Mito, na Bodi ya Kuratibu Bodi, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na ina lifti yake.

Kwa miaka mingi wajumbe wa bodi hizi walitoka kwenye kilima kimoja. Hapakuwa na upendeleo. Serikali ilitafuta watu wenye sifa nchi nzima, na kila mara sifa zilikutwa kwenye kilima kile kile, mara nyingine katika nyumba ile ile. Wajumbe walikuwa wamesoma shule moja, walinyolewa na kinyozi mmoja, na walikohoa kwa namna moja kabla ya kusema. Hakuna aliyeona tatizo mpaka siku ya sherehe za taifa, Mheshimiwa Rais alipopita akiwapa mkono, akafika mwisho wa mstari, akamnong'oneza msaidizi wake, "Huyu nimeshamsalimu mara nne." Msaidizi akachunguza. Walikuwa kweli watu wanne, ila mama yao mmoja.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Uwiano na Mchanganyiko. Niliisoma yote, kurasa sitini na mbili, na nakiri kwamba ni sheria nzuri. Inasema hakuna kikao cha bodi kitakachokuwa halali bila kuwapo mzee, mjane au mgane, mtu wa kabila dogo, mtu aliyekosa shule utotoni, na mtu mwenye ulemavu. Bila hao hakuna akidi, na bila akidi hakuna uamuzi. Siku ilipopitishwa watu walicheza barabarani.

Sheria haikusema kwamba hao watano wawe watu watano.

Tume ya Uteuzi ilinipata mwezi wa tatu. Nilikuwa na miaka sabini na nne. Mke wangu Adelina alikuwa amefariki miaka sita kabla. Kabila langu, Wanyambe wa Juu, lilihesabiwa mara ya mwisho likawa na watu mia mbili na kumi na mmoja, na tangu hapo nimehudhuria mazishi mengi. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na sita, katika shule ya jioni ya Mtaa wa Kinu, baada ya kushinda kutwa nikipakia saruji. Sikio langu la kushoto halisikii. Lilibaki kiwandani pamoja na nguvu zangu.

Walionisaili walikuwa wanane, wote wa kilimani.

"Mzee Longino, umewahi kutengwa?"

"Mara nyingi."

"Vizuri sana. Ulijisikiaje?"

"Vibaya."

"Vizuri sana," akasema mwenyekiti wao, akaweka alama ya vema.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa tatu, kwa mwandiko wangu bora, yenye kichwa "Hali ya Shule za Jioni na Njia za Kuziokoa". Shule ile ya Mtaa wa Kinu ilikuwa bado na wanafunzi thelathini na wanne, ubao mmoja, na mlango usiofunga vizuri, na nilikuwa nimesikia minong'ono kwamba siku zake zinahesabika. Mwenyekiti wa saili akazipokea karatasi zangu kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, akaziweka chini ya glasi yake ya maji ili meza isilowe.

Niliteuliwa katika bodi kumi na moja. Kumi sikuzitaka. Ile ya kumi na moja ilikuwa Bodi ya Elimu ya Watu Wazima, na kwa ajili yake nilikubali nyingine zote. Nia yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka neno langu moja juu ya shule ile liingie kwenye muhtasari wa kikao. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akituambia kuwa lililosemwa limepita, lililoandikwa limebaki. Basi nilitaka nibakize.

*

Kazi ya mjumbe ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Katibu huita majina. Anapofika kwangu huniita mara tano.

"Mzee?"

"Nipo."

"Mgane?"

"Nipo."

"Kabila dogo?"

"Nipo."

"Aliyekosa shule?"

"Nipo."

"Mwenye ulemavu?"

Hapo huwa sisikii vizuri, kwa kuwa itifaki iliniweka sikio la kushoto likielekea meza kuu. Katibu hurudia kwa sauti, nami hujibu, na mwenyekiti hutangaza kwamba akidi imetimia na nchi nzima imewakilishwa. Kisha dereva hunigusa bega, kwa maana Bodi ya Chumvi nayo inangoja kutimia.

Siku moja niliwahi kunyoosha mkono kabla dereva hajafika. Mwenyekiti wetu wa Elimu, Dakta Lukonge, mtu mwenye sauti ya kubembeleza kama ya mtu anayemvisha mtoto viatu, akaniona.

"Mzee wetu anatusalimu," akasema.

Wajumbe wakapiga makofi. Nikashusha mkono.

Chakula cha mchana kilikuwa pale Elimu kila Jumatano. Wajumbe wa kilimani walikaa meza ndefu wakizungumza habari za harusi ya binamu yao, maana wote walikuwa na binamu huyo huyo. Mimi niliwekewa meza yangu pembeni, yenye kibao kilichoandikwa MAKUNDI MAALUMU. Meza ilikuwa na viti vitano, sahani tano na vikombe vitano, kwa sababu bajeti ilipitishwa kwa watu watano na mkaguzi ni mkali. Nilikaa kiti cha katikati. Mwanzoni nilikuwa nikihama kila baada ya juma, nione chumba kinavyoonekana kutoka upande wa mgane, kisha upande wa kabila dogo. Kinaonekana vile vile.

Nyumbani nina kiti kimoja. Cha pili niliazimisha kwenye msiba wa jirani na hakikurudi. Sikukifuatilia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akikikalia.

Aliyekuwa akinisemesha ni Bi Sikudhani, mhudumu wa chai.

"Shikamoo, Mzee Longino."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama. Wenzako wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi?" Na huku anavipanga vile vikombe vitano mbele yangu.

"Mgane ya rangi. Mzee ya maziwa, meno yake yanauma. Hao wengine waulize wenyewe."

"Nimewauliza, wamenyamaza. Wana maringo."

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na watoto wanne. Siku moja niliona ncha ya daftari ikichungulia mfukoni mwa aproni yake. Nikaujua mstari mwekundu wa jalada lile. Alikuwa amejiandikisha Mtaa wa Kinu, darasa la pili, akikaa benchi lile lile la dirishani nililokalia mimi miaka thelathini na nane iliyopita.

"Bado linayumba?" nikamuuliza.

"Tumeliwekea jiwe."

"Jiwe nililiweka mimi."

Alicheka mpaka birika likamwagika.

*

Sasa nieleze juu ya koti.

Ninalo koti moja, la kijivu. Nililishonesha nilipopata cheti changu cha shule ya jioni. Vifungo vyake vilipokatika, Adelina alishona vingine kwa mkono wake, na kimoja hakifanani na wenzake. Ni cha kahawia, alikitoa kwenye gauni lake la zamani. Waziri mwenyewe, siku ya kuapishwa kwetu, alikishika kifungo hicho mbele ya wapiga picha, akasema hata vifungo vya mzee huyu vina uwiano.

Mwezi wa tano mwanasheria wa bodi aliingiwa na wasiwasi. Aliona kwamba mimi nikiondoka kwenda kwenye Chumvi, Elimu hubaki bila akidi, na maamuzi yote yanayofuata ni batili. Wajumbe wakaogopa. Mmoja akashauri itafutwe njia ya kuniacha nikae kikao kizima. Wakamtazama kwa huruma.

Jibu lilitoka katika mila zetu wenyewe. Kila mwananchi wetu anajua kwamba ukienda ofisi ya serikali ukakuta kiti kitupu lakini kimevalishwa koti mgongoni, mwenyewe yupo, ametoka kidogo. Unaweza kungoja siku tatu, lakini huwezi kusema hayupo. Mwanasheria akaiandika mila hiyo kuwa kanuni: koti la mjumbe likiwapo kitini, mjumbe yupo.

Nikaombwa kuliacha. Sikuona ubaya. Asubuhi nililivalisha kiti, nikaenda kwenye Chumvi na shati, na jioni dereva akanirudisha kulichukua. Niseme kweli, nilijivuna kidogo. Wazazi wangu hawakuwahi kukanyaga ofisi yoyote, na sasa mimi nilikuwa katika mbili kwa wakati mmoja.

Koti lilipendwa. Katibu aliniambia lina nidhamu. Halikunyoosha mkono hata mara moja.

*

Jumatano ya pili ya mwezi wa saba Bi Sikudhani alileta chai, akaweka trei juu ya meza yangu, lakini hakuanza kupanga vikombe. Chini ya birika kulikuwa na karatasi. Aliigeuza nione.

"Nimeikuta mezani kwa katibu. Nimejaribu kuisoma mwenyewe kabla ya kukuletea. Nisikilize kama nakosea." Akaweka kidole. "A-je-nda ya ta-tu. Ku-fu-nga..." Akakwama. "Hili neno refu."

Nilikuwa nimeshaisoma karatasi yote hadi mwisho. Ilisema kwamba kwa kuwa aliyekosa shule sasa anawakilishwa kikamilifu katika bodi kumi na moja, hakuna tena haja ya kumsomesha. Shule ya jioni ya Mtaa wa Kinu ifungwe, na jengo liwe ghala la vibao vya MAKUNDI MAALUMU vya mikoani. Uamuzi ungefanyika kesho, Alhamisi, katika kikao cha dharura.

"Ni shule yetu," akasema. Hakuuliza.

"Ni shule yetu."

"Mzee, wewe si mjumbe? Si utasema?"

"Nitasema," nikamwambia. Chai ilipoa birikani, vikombe vyote vitano bado vimo kwenye trei.

Nilimngoja Dakta Lukonge kwenye ukumbi wa nje. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu ajenda ya tatu ya kesho. Nina neno."

"Mzee wetu. Neno la nini tena? Wewe ni hazina."

"Mimi nilisoma pale. Kuna watu thelathini na wanne wanasoma sasa."

"Na wewe unawawakilisha vizuri sana. Kila mtu anasema."

"Basi niseme kwa niaba yao."

Akashusha sauti, kwenye sikio langu la kushoto. Ikabidi nigeuke, naye akarudia bila kukasirika. "Mzee wangu, kusema ni kazi ya wasemaji. Wewe ni mwakilishi. Ukianza kusema, watu watauliza unamsemea nani: mzee, mgane, au yule wa kabila dogo? Utawagombanisha wenzako."

Akanipigapiga bega, akaenda kwenye gari lake.

Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, kilomita nane, sikumngoja dereva. Nilikuwa karibu na kiwanda cha zamani cha saruji nilipoelewa jambo ambalo mtu wa elimu yangu alipaswa kulielewa mapema. Bila mimi hakuna akidi. Nisipokwenda kesho, hawawezi kuifunga shule kesho, wala siku nyingine yoyote nisiyokwenda. Miezi minne nilitafuta nafasi ya kusema, na kumbe uwezo wangu wote ulikuwa katika kubaki nyumbani.

Haikuwa rahisi kwangu. Katika miaka sita ya shule ya jioni, rejista haina alama yangu hata moja ya kutokuwapo. Hata siku niliyozika baba nilifika kwa kipindi cha hesabu. Lakini nililala nimeamua.

Asubuhi niliamka, nikanyoa ndevu, kwa mazoea tu. Nikavaa shati safi, kwa mazoea. Nikanyoosha mkono kwenye msumari ulio nyuma ya mlango.

Msumari ulikuwa mtupu.

*

Nilifika getini saa nne kasoro, nikihema. Mlinzi alikuwa mpya.

"Unamtaka nani, mzee wangu?"

"Mimi ni mjumbe. Longino Sekwao. Nimefuata koti langu."

Akapitisha kidole kwenye orodha. "Sekwao ameshaingia. Yupo ndani tangu jana."

"Ndiye mimi."

"Mzee, kikao kinaanza na wajumbe wote wamo. Kama una shida na Mzee Sekwao, kaa pale kwenye benchi, atatoka."

Nikakaa kwenye benchi la wageni. Kupitia dirisha lililokuwa wazi nilimsikia katibu akiita.

"Mzee?"

"Yupo," wakajibu kwa pamoja.

"Mgane?"

"Yupo."

Nilikuwa sijawahi kusikia inavyosikika kutoka nje. Ni kama kusikiliza watu wakikuzika kwa adabu. Walipofika kwa mwenye ulemavu nilisimama, na kabla mlinzi hajanifikia nilikuwa nimeshika nondo za dirisha.

Koti langu lilikuwa kwenye kiti chake, mabega yamenyooka, kifungo cha kahawia kikielekea mwenyekiti. Mbele yake Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kupanga vikombe vitano. Aliponiona alibaki na birika mkononi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema. "Mimi ni Longino. Naomba iandikwe kwamba sipo."

Dakta Lukonge akanitazama, akalitazama koti, akanitazama tena, kama mtu anayelinganisha sura na kitambulisho.

"Mzee wetu, mbona unatuchanganya? Umekaa vizuri hapo, mara umesimama dirishani."

"Lile ni koti. Mimi leo sikuja."

"Hukuja wapi?"

"Hapa."

"Na sasa uko wapi?"

Wajumbe walicheka, si kwa ubaya. Mwanasheria aliinua kalamu, nao wakanyamaza.

"Kwa mujibu wa kanuni," akasema, "anayeweza kusema kikaoni ni mjumbe aliyehudhuria. Mzee kama hakuhudhuria, hatukusikia kitu. Kama tumemsikia, basi amehudhuria."

"Basi sikusema," nikasema.

"Na hilo amelisema," akasema mwanasheria, kwa upole wa mtu anayefunga jeneza.

"Niandike, Mwenyekiti?" akauliza katibu.

"Andika. Neno la mzee ni baraka."

Wakapiga makofi. Hivyo ndivyo neno langu la kwanza lilivyoingia kwenye muhtasari wa bodi ya serikali.

Ajenda ya tatu ikasomwa. Dakta Lukonge akauliza wanaoafiki, wakasema ndiyo. Akauliza wasioafiki. Nikasema, "Siafiki," kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa masikio yote mawili.

Mwanasheria akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kuhudhuria, alieleza, mtu anaweza kuhudhuria hata dirishani, lakini kura hupigwa kutoka kitini. Wote wakageuka kulitazama koti. Likanyamaza. Kunyamaza, katika kanuni zetu, ni kukubali.

Ikapita kwa kauli moja. Mlinzi akanishika mkono, akaniambia taratibu mzee, usije ukaanguka.

*

Koti sikurudishiwa. Katibu aliniandikia barua nzuri kwamba kazi zake zimeongezeka, na kwamba uteuzi wake umeongezwa muhula wa pili. Dereva hanifuati tena. Nasikia siku hizi linapelekwa lenyewe, kwenye kiti cha nyuma, na bodi zote kumi na moja zinaendelea vizuri. Gazeti limechapisha picha. Kifungo kinaonekana.

Juma lililofuata, kila jioni nilipita Mtaa wa Kinu. Mlango ule usiofunga vizuri uliwekewa kufuli kubwa. Benchi letu lilikuwa nje, limepinduliwa, na jiwe halikuwapo.

Jumamosi, jua likiwa bado halijatua, nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, kamusi magotini, ukurasa niliouacha juzi. Mtu akagonga.

"Hodi. Mzee Longino, upo?"

Niliifunga kamusi kwanza. Tangu Adelina afe nimejibu swali hilo mara nyingi, mbele ya makatibu kumi na mmoja, na sikuwahi kulifikiria.

"Nipo," nikasema. "Karibu."

Alikuwa Bi Sikudhani, na daftari lake lenye mstari mwekundu. Nikampa kiti. Mimi nikageuza debe la maji, nikakaa juu yake, sikio la kulia upande wake.

"Muhtasari wameubandika kwenye ubao wa matangazo," akasema. "Nimeunakili wote kwa mkono wangu. Nimeona nisipoteze mazoezi."

"Soma."

Akaweka kidole. "M-ju-mbe a-na-ye-wa-ki-li-sha ma-ku-ndi ma-a-lu-mu a-li-o-mba i-a-ndi-kwe kwa-mba ha-yu-po." Akainua macho. "Nimesoma sawa?"

"Umesoma sawa. Endelea, mstari unaofuata."

Mstari uliofuata ulikuwa ule wa kufunga shule. Aliusoma wote, hata lile neno refu, hakukwama popote.